MREJESHO: Boti ya jeti iliyokosa nguvu, imepona

Wakuu habari zenu, nilileta humu shida ya boti yangu ya jeti hapa Mwanza (ile inayonyonya maji chini na kuyarusha nyuma kwa pampu ili isogee), nikivuta mafuta mizunguko ya injini inapanda fasta ila boti haisogei, na chini mlio kama kokoto zinagongana. Wengi mlisema nianze na wavu wa kunyonyea maji na kweli, tulivyoipandisha mchangani Igombe tukakuta mizizi ya magugu maji imejisokota mpaka kwenye shafti, pamoja na kipande cha nyavu ya dagaa. Tukatoa, nguvu ikarudi nusu tu.

Fundi akafungua pampu. Aisee, mchanga umekwangua ile ringi inayozunguka impela (feni ya ndani ya pampu inayosukuma maji), nafasi kati yao imefika kama milimita 2 wakati inatakiwa isizidi 1, kwahiyo maji yanavuja hapo na kurudi yalikotoka badala ya kusukumwa. Na mapanga ya impela yana vishimo vishimo, ni vile viputo vya mvuke vinavyopasukia pale pale kwenye chuma. Ringi mpya, impela tumeichomelea na kuibalansi, jana nimetoka Kirumba mpaka Bwiru inachomoka vizuri kabisa. Asanteni sana, na jamani msiingize mkono kwenye ule wavu wa kunyonyea maji injini ikiwa inawaka. Sasa hivi sigusi gesi kwenye maji ya kina kifupi isije ikanyonya mchanga tena, naisukuma kwa pondo kwanza.