DVD-R, DVD+R au hadidiski? Kuokoa na kuhifadhi kazi za studio hapa Lindi

Mpigapicha_Lindi

Wakuu, salaam. Nipo Lindi mjini, kazi ni studio ya picha na video. Kabatini kuna CD na DVD kama 200 za harusi, mahafali na kwaya, zilizochomwa kati ya 2006 na 2014. Baadhi zinakwamakwama, baadhi hazisomi kabisa. Juu ya hizo kuna kazi za karibuni, GB 180, zote kwenye hadidiski moja ya nje. Nina laptopu ya Windows 10 na draivu nyembamba ya DVD ya kuchomeka USB.

Madukani naona DVD-R na DVD+R, na bei hazitofautiani sana. Nichukue zipi, nichome kwa programu gani, na hizi zinazogoma zinaokolewaje? Wateja wengine, hasa wa vijijini, bado wanataka DVD ya kucheza kwenye deki.

Kusi_Mikindani

Mkuu, anza na hiyo GB 180. Nakala moja kwenye hadidiski moja bado si akiba. Ikidondoka mezani, kazi za watu zimekwenda. Nunua hadidiski ya pili kabla ya kununua DVD hata moja, nakili zote kwa FreeFileSync, programu ya kulinganisha na kunakili mafaili, kisha hiyo ya pili ikae nyumba nyingine kabisa. Iformati kwa NTFS, yaani mpangilio wa mafaili wa Windows, badala ya exFAT. Kwa exFAT, waya ukichomoka au umeme ukikatika katikati ya kunakili, orodha ya mafaili huharibika kirahisi zaidi.

Sasa DVD. Za kuhifadhia ziwe za kuandikwa mara moja, usichukue RW, zile zinazofutwa na kuandikwa tena. CD-R inabeba MB 700 tu, haikufai kwa video. Za tabaka mbili za GB 8.5 ni ghali na hukosea mara nyingi zaidi wakati wa kuchoma. Kati ya DVD-R na DVD+R, kwa kumbukumbu mimi nachagua +R, kwa sababu alama zake za kuiongoza draivu ni imara zaidi. Lakini tofauti hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ubora wa diski yenyewe. Jambo moja la kuangalia: hazilingani ukubwa. DVD-R ina baiti 4,707,319,808 na DVD+R ina 4,700,372,992, kwa hiyo ISO, yaani faili moja lenye nakala kamili ya diski, iliyojaza DVD-R hadi mwisho haiingii kwenye DVD+R.

Jina la kwenye kopo halitoshi. Weka diski tupu, fungua ImgBurn, programu ya kuchoma diski, soma upande wa kulia palipoandikwa Disc ID, yaani msimbo wa mtengenezaji. Verbatim nyingi za DVD+R kasi 16 zilionyesha MCC-004-00, yaani Mitsubishi Chemical. Nyingine zenye jina hilohilo huonyesha CMC MAG, na tangu 2019 biashara ya Verbatim iko mikononi mwa CMC Magnetics ya Taiwan. Ukiuziwa "Taiyo Yuden mpya" jiulize mara mbili, maana kampuni hiyo iliacha kutengeneza diski mwaka 2015. Na huo msimbo nao hughushiwa, hivyo nunua diski chache kwanza, choma moja, ipime, ndipo uchukue kopo zima.

ImgBurn yenyewe ni ya bure. Toleo la mwisho ni 2.5.8.0 la 2013 na linafanya kazi kwenye Windows 10. Wakati wa kuisakinisha soma kila ukurasa, kwa sababu kisakinishi chake kimewahi kubeba programu za matangazo. Ondoa tiki zote usizozihitaji. Ukichoma, weka tiki kwenye Verify kila mara. Bila hatua hiyo unajua tu kwamba draivu imemaliza kuandika, hujui kama kilichoandikwa kinasomeka. Usiijaze diski hadi ukingoni pia. Ishia GB 4.2, kwa sababu makosa mengi huanzia ukingo wa nje, ambako diski huyumba zaidi ikizunguka na ndiko vidole hushika.

Fundi_Masasi

Naingia kwenye hizo zinazogoma. Kwanza usizisugue kwa dawa ya meno wala petroli. Zioshe kwa maji na sabuni laini kidogo, kitambaa laini kisicho na nyuzi, ukifuta kutoka katikati kwenda nje kama spoku za gurudumu la baiskeli. Ukifuta kwa kuzunguka, mkwaruzo mmoja unafuata njia ya data na kufuta mfululizo mrefu, na masahihisho ya diski hayawezi kuufidia.

Kisha tofautisha CD na DVD. Kwenye CD, kioo cha kuakisi kiko juu kabisa, chini ya lebo, kimefunikwa na vanishi nyembamba tu. Ishike CD dhidi ya taa: ukiona matundu ya mwanga, sehemu hizo zimekwenda na hakuna programu itakayozirudisha. Kwenye DVD data iko katikati ya vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 kila kimoja, kwa hiyo lebo ikichubuka si msiba. Adui wa DVD ni ile gundi ya katikati kuachia kuanzia ukingoni.

Za kuokoa usizinakili kwa kuburuta mafaili Windows, itakwama kwenye kosa la kwanza. Washa laptopu kwa Linux ya kwenye flashi, sakinisha kifurushi cha gddrescue, ndicho chenye amri ya ddrescue, kisha:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hapo /dev/sr0 ni draivu ya diski. Amri ya kwanza inachukua vyote vinavyosomeka haraka bila kung'ang'ania sehemu mbovu. Ya pili inarudi kwenye mashimo mara tatu. Faili la .map ndilo la thamani, linakumbuka kipi kimepatikana. Ukihamishia diski kwenye draivu nyingine na kurudia amri ya pili kwa faili lilelile, inaendelea ilipoishia, na draivu mbili huwa hazishindwi mahali pamoja. Azima draivu ya kompyuta ya mezani. Mara nyingi husoma vizuri kuliko hizi nyembamba.

CD za kwaya zilizo za muziki wa kawaida, si MP3, hazipiti kwa ddrescue. Hizo tumia Exact Audio Copy kwenye Windows, utoe mafaili ya sauti ya WAV au FLAC.

Nachi_Video

Niongezee kuhusu kasi, maana hapo wengi hukosea. Ule ushauri wa kuchoma kwa kasi ndogo kabisa haufai kwa diski za leo. Tabaka la rangi linaloandikwa kwenye DVD ya kasi 16 limetengenezwa liitikie mwale wa leza wenye nguvu, kwa muda mfupi. Ukilipeleka polepole mno, alama zinaweza kutoka vibaya. Kasi 16 nayo inatikisa. Kwenye draivu ya mezani tumia 8. Hiyo yako nyembamba kikomo chake kwa kawaida ni 8, basi weka 4 au 6. Kwa kasi 4 diski iliyojaa inachukua kama dakika 14.

Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, usipitie kigawio cha USB. Draivu hizi hudai umeme mwingi wakati mwale unapoandika, na zikipungukiwa, diski inaharibika katikati. Faida ya laptopu ni betri: umeme ukikatika kazi haikatiki. Ila hakikisha betri inashika chaji kabla hujaanza.

Kwa wateja wa deki nasema DVD-R. Deki za zamani huzipokea zaidi. Tengeneza kwa DVDStyler, programu ya kuandaa DVD za video, mfumo wa PAL, 720 kwa 576, fremu 25. Saa mbili za harusi kwenye diski moja zinakulazimu ushuke hadi takriban megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Ukitaka picha safi zaidi ya hapo, gawa diski mbili. Na diski ifungwe mwishoni (finalize), isiyofungwa deki nyingi haziioni.

Mpigapicha_Lindi

Asanteni sana wakuu. Hizo GB 180 nikitaka ziwe na nakala ya diski pia, niende Blu-ray? Na joto hili la pwani je?

Kusi_Mikindani

Piga hesabu. Kwa DVD za GB 4.2 ni diski 43. Kwa BD-R, yaani Blu-ray ya kuandikwa mara moja, ya GB 25, ukiweka GB 22 kila moja, ni diski 9, ila utahitaji draivu mpya ya Blu-ray. Ukienda huko, epuka zilizoandikwa LTH. Hizo zinatumia rangi ya kikaboni kama DVD, wakati BD-R za kawaida za HTL zina tabaka lisilo la kikaboni, linalovumilia mwanga na joto zaidi. Jua pia kwamba Sony iliacha kutengeneza Blu-ray za kurekodi Februari 2025, kwa hiyo upatikanaji utazidi kuwa mgumu. Kwa maoni yangu weka hadidiski mbili kwa kazi zote, na DVD+R kwa zile tu zisizorudiwa, picha zilizochaguliwa na video iliyokamilika.

Hizo za thamani zipitishe kwenye dvdisaster, programu ya kuongeza data ya masahihisho, kabla ya kuchoma. Tengeneza ISO ya GB 3.6 hivi, chagua njia ya masahihisho iitwayo RS03, programu ijaze nafasi iliyobaki kwa data ya masahihisho, kisha ndiyo uichome ISO hiyo. Siku diski ikianza kuchakaa, unasoma kilichopo na inajenga upya kilichopotea, ilimradi uharibifu haujapita kiasi hicho cha akiba.

Kuhusu pwani: diski ikae wima kwenye kava gumu, ndani ya ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu. Silika ikilowa ibadilishe, hasa Desemba hadi Aprili. Si juu ya kabati chini ya bati, si dirishani. Usibandike stika, unyevu huvuta gundi na diski inapoteza mizani. Andika kwa kalamu ya wino wa maji kwenye duara la katikati lisilo na data. Ikitoka chumba chenye AC iache dakika chache ikauke umande kabla ya kuiingiza kwenye draivu.

Kila Novemba chukua chache kutoka kila kopo ulilonunua, uzipitishe kwenye Verify au kwenye kipimo cha kasi ya kusoma cha Nero DiscSpeed. Mstari wa kasi ukianza kuporomoka karibu na mwisho, choma upya kundi lote la kopo hilo kutoka kwenye hadidiski, hata kama bado zinafunguka.