Naomba ushauri: hitilafu hii ni daraja la 3 au la 4?

Wakuu, hamjambo. Natunza daftari la ufundi la boti ya abiria, Kasenyi kwenda Kalangala, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Jeshi la majini la Marekani hugawa hitilafu hivi: daraja la 2 hupunguza kidogo kazi kuu ya meli, la 3 huipunguza sana, la 4 huondoa kabisa angalau kazi kuu moja. Nikaiga.

Sasa pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, imekufa. Nimebadili fyuzi, nimesafisha chujio lililojaa magamba ya mukene (dagaa), wapi! Injini yenyewe ni nzima. Nahodha anasema ndoo ipo, twende. Nimeandika 4, maana kazi yetu kuu ni kufikisha watu salama.

Je, nimezidisha? Na ndoo inaweza kuishusha hadi 3?