Mrejesho: tope la kulinganishia vipimo vya DDT na PCB, Mikindani

Wakuu, niliuliza nitumie tope gani la kulinganishia (lenye viwango vinavyojulikana tayari, la kuhakiki vipimo) nikipima DDT (dawa ya kuua wadudu) na PCB (kemikali za viwandani) kwenye tope la ghuba ya Mikindani. Nimechukua SRM 1941b ya NIST (taasisi ya vipimo ya Marekani), tope la bandari ya Baltimore, Marekani, kama mlivyoshauri. PCB nilizopima humo zimekaa ndani ya viwango vya cheti chake.

DDT ndiyo ilisumbua: hata nikidunga DDT tupu kwenye mashine ya kupimia, DDD na DDE (zitokanazo na DDT ikivunjika) zinajitokeza. Kumbe kijibomba cha kioo mlangoni mwa mashine kilikuwa kichafu, DDT inavunjikia humo kwa joto. Nimekibadilisha, imetulia.

Halafu tope letu la mikoko lina salfa si mchezo, nayo huvuruga vipimo! Shaba niliyotia kuinasa iligeuka nyeusi tii palepale. Naongeza mpaka ibaki na wekundu wake.