Naenda Vietnam kukusanya masimulizi ya vita: mzee wa kule anaanzwaje?

MjukuuWaKoplo
Wakuu, salaam. Nasoma historia, mwaka wa pili. Mwezi ujao tunaenda Vietnam wanafunzi kumi na mmoja, wiki tatu, kuanzia Hanoi hadi Ho Chi Minh. Kazi yangu ni masimulizi ya vita. Tatizo: babu yangu alipigana vita ya Kagera, nami tangu nimjue nimeambulia kwake sentensi mbili. Moja ni ya matope. Kama babu wa damu kanishinda hapa Mbagala, mzee wa Kivietnamu nitamwanzaje, tena kwa mkalimani? Nimeandaa maswali 24. Mwalimu kayapitisha, mimi siyaamini.

Kondakta_Mstaafu
24? Hapo unamhoji mtuhumiwa, mjukuu.

PwezaWaFeri
Nilikwenda safari kama hiyo miaka sita iliyopita. Maswali yangu yalirudi kwenye begi vilevile.

Kule Củ Chi, pembeni mwa jiji la Ho Chi Minh, kuna mahandaki ya vita ya zaidi ya kilomita 200. Ukishatambaa mpaka magoti yamechubuka, unakaribishwa mezani: muhogo wa kuchemsha, unachovya kwenye karanga zilizotwangwa na chumvi na sukari. Ndicho walichokula wapiganaji humo chini. Mimi mtoto wa Kigamboni nikacheka, nikamwambia mzee mmoja pale kwamba kwetu muhogo ni kwa chachandu. Akavuta kiti. Karibu saa nzima alieleza habari za moshi tu: walivyochimba mifereji toka jikoni ili utokee mbali, umeshapoa na kutawanyika, ndege zisiuone, na walivyopika alfajiri, ukungu ungalipo. Bunduki hakuitaja. Dada yake ndiye aliyekuwa mpishi. Sikumuuliza habari za dada. Aliingia mwenyewe kwenye hadithi, na sufuria yake.

Halafu jifunze kuamkia. Mzee wa umri wa babu yako ni ông, yaani babu, nawe hujiiti "mimi", unajiita cháu, mjukuu. Jina lako la humu limeshakaa sawa. Matamshi utayaharibu tu, lugha ina toni sita. Mwache akusahihishe, atafurahi.

Ila kusini nenda taratibu. Usidhani kila nyumba ilikuwa upande mmoja. Tarehe 30 Aprili 1975, vita ilipoisha, kwa wengine ni ushindi, kwa wengine ndiyo siku ndugu walipoanza kutawanyika. Kwenye nyumba moja niliona juu ya madhabahu ya wahenga, kando ya udi, picha za vijana wawili, magwanda tofauti. Nilinyamaza. Mama mwenye nyumba akanimiminia chai, naye akanyamaza.

MjukuuWaKoplo
Asante, kaka. Jana nilipitia Rangi Tatu nikanunua muhogo, nikamchemshia babu. Nikamuuliza Kagera walikuwa wanapikaje. Akala vipande viwili kwanza. "Kuni mbichi," akasema, "na koplo wetu alikuwa hajui kupuliza." Koplo si alikuwa yeye? Kumbe alipandishwa cheo baadaye.

Kondakta_Mstaafu
Kesho mpikie wa nazi.