Kwa nini fedha za wanawake ni chache katika chaguzi za majimbo ya Marekani?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nchini Marekani wanawake hujitokeza kupiga kura kwa wingi kuliko wanaume, lakini sehemu kubwa ya fedha za kampeni za mabunge ya majimbo hutoka mifukoni mwa wanaume. Je, kiini chake ni kipato, au ni kwamba wanawake hawaombwi?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, yote mawili yamo, ila mimi ningeanzia kwenye kuombwa. Mgombea mpya huketi na simu na orodha ya majina, akimpigia mtu mmoja baada ya mwingine, na majina yanayowekwa juu ni ya waliotoa fedha nyingi uchaguzi uliopita, ambao wengi wao ni wanaume. Kwa hiyo asiyewahi kutoa haombwi, na asiyeombwa hatoi. Ellen Malcolm alianzisha EMILY's List, kundi la kuwachangishia fedha wagombea wanawake, mwaka 1985 ili kuuvunja mzunguko huo, na EMILY ni herufi za kwanza za msemo wa Kiingereza kwamba fedha za mapema ni kama hamira, kwa kuwa ndizo zinazouumua unga. Hata hivyo, kundi hilo huwasaidia wanawake wa chama cha Democratic wanaotetea haki ya kutoa mimba, hivyo wanawake wengine hulazimika kutafuta njia nyingine.

Jibu la pili
Naongeza suala la sheria, kwa sababu naona ndilo zito zaidi. Jimbo la Virginia halijaweka ukomo wa mchango wa mtu binafsi, na mahali ambapo tajiri mmoja anaweza kuandika hundi ya maelfu ya dola, dola 20 za mwalimu hazionekani kabisa. Jimbo la Maine ni kinyume chake: kwa sheria iliyopitishwa na wapiga kura mwaka 1996, anayewania Baraza la Wawakilishi la jimbo anaweza kukusanya angalau michango 60 ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura wa eneo lake, kila mchangiaji akitia saini fomu, kisha akapewa fedha za umma. Hapo mlango wa jirani una thamani sawa na mlango wa tajiri.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na gharama za kulea watoto wakati wa kampeni?

Jibu la pili
Mwaka 2018 tume ya uchaguzi ya taifa ilimruhusu mgombea wa Bunge la Marekani, Liuba Grechen Shirley, kuzilipa kwa fedha za kampeni. Uamuzi huo hauzifungi chaguzi za majimbo, kwa hiyo mgombea asome kwanza sheria ya jimbo lake kabla hajamlipa mlezi.