Kumpeleka mama kijijini bila gari

Wanandugu, salaam. Mama yangu yuko kwangu Manchester, amekuja kutoka Tanga, na maduka yameshamchosha. Anataka kuona Wazungu wa shamba wanaishije. Magoti yanamsumbua, nina watoto wawili, gari sina. Nimpeleke wapi?
Baba Zuhura

*

Baba Zuhura, shikamoo zangu zimfikie mama. Nendeni Castleton, Derbyshire, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza (1951). Ila tiketi kateni ya Hope, kwenye reli ya Manchester–Sheffield. Stesheni iitwayo Castleton iko Rochdale, huko mtaambulia patupu! Kutoka Hope ni kama kilomita 3. Kuna basi, lakini angalieni ratiba kabla ya kutoka nyumbani.

Mapango ya kulipia yako manne. Speedwell mnapanda mashua kwenye handaki lenye maji, lililochimbwa karne ya 18 na watu waliokuwa wakitafuta madini ya risasi. Watoto watapiga kelele za furaha, lakini ngazi zinapita 100, na mlikoshukia ndiko mtakakopandia. Mama hapana. Ngome ya Peveril nayo iko juu ya kilima kikali. Yeye azunguke kijijini taratibu, kisha akae mkahawani na chai na skonzi, awatazame hao Wazungu wake.

Kilichonifurahisha mimi ni barabara iliyokufa. Ilipita chini ya Mam Tor, mlima wa mita 517 ambao ubavu wake hauachi kuporomoka. Wakaikarabati, ikabomoka, wakaikarabati tena, hadi 1979 wakaifunga moja kwa moja. Leo unaikuta lami imekatika vipande, kiraka juu ya kiraka, kondoo wanajipitia. Na sisi tunavyowasifu kwa barabara! Ni mwendo kidogo kutoka kijijini, nenda na watoto. Magari siku hizi yanapita Winnats, bonde jembamba lenye kuta za mawe ya chokaa.

Pilau pikeni nyumbani. Nyama halali kule mimi sijaipata.
Mama Idi, Sheffield

*

Naongezea kwa Mama Idi: nunueni kadi ya reli ya Family & Friends. Watu wazima mnapunguziwa theluthi moja ya nauli, watoto asilimia 60. Na mama avae sweta hata kama ni Agosti.
Mjomba, Leeds