Mgeni akikujibu "I'm good" anakubali au anakataa?

weita_wa_Nungwi: Habari zenu wakuu. Nafanya kazi mgahawani hoteli moja ya ufukweni, wageni wengi Wamarekani. Nikipita na kahawa nikamuuliza mtu kama aongezewe ananiambia "I'm good" huku anatabasamu, sasa mimi good naijua ni nzuri, hapo nimimine au nisimimine? Na jana mwingine kaniambia mwenzake kaondoka "for good", ndo nini hiyo? Nisaidieni, sitaki kumkera mtu.

Mtumwema: Usimimine mdogo wangu, hapo kakataa kistaarabu, kama sisi tunavyosema niko sawa, asante. Muangalie na mkono, wengi wanaziba kikombe kwa kiganja. Wamarekani ndo wanaipenda sana, ila wewe ukiwa unakataa kitu mbele ya mtu mzima sema "no, thank you", hiyo haina utata kokote.

bi_Shangani: For good ni mazima, yaani kaondoka harudi tena. Hili neno lina mambo mengi jamani, mgeni akishika jagi la maziwa akakuuliza "is this still good?" hasifii ladha, anataka kujua kama hayajachacha. Kuponi ikiandikwa "good for two weeks" maana yake inatumika wiki mbili tu baada ya hapo imeisha muda. Na akikwambia amesubiri chakula "a good hour" usifurahi kaka, hapo anasema kakaa saa nzima na ushee, kimbia jikoni ukamuulizie chakula chake!

Kipepeo88: Naongezea moja maana nasikia sana watu wanakosea mapokezi. Mgeni akiingia saa mbili usiku usimwambie "good night", hiyo ni ya kuagana au mtu akienda kulala, anapofika unasema "good evening" hata kama nje giza totoro. Ukimpokea na good night ni kama umemwambia haya kwaheri wakati ndo kwanza anavuta kiti.

weita_wa_Nungwi: Aisee asanteni sana wakuu. Na "as good as new" je?

bi_Shangani: Hiyo ni kitu cha zamani ila kama kipya vile, mfano feni iliyotengenezwa ikarudi kama imetoka dukani. Ila "as good as dead" si sifa, ni mtu wa kufa tu, kwa hiyo sikiliza neno linalofuata kabla hujatabasamu.